Jina la Kuazima

Mlango wa saluni haukufunguliwa kwa mkono. Ulifunguliwa kwa teke.

Fauzia aliingia na karatasi juu, buibui likimfuata nyuma kama limechelewa safari. Wanawake watatu waliokuwa chini ya draya waligeuza vichwa kwa pamoja. Mmoja aliizima yake kabisa ili asipitwe na neno.

Na pale mbele ya kioo, taulo shingoni, kidevu juu, alikaa Luqman. Mume wake. Yule yule aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda soko la Yeoville kutafuta embe mbichi.

Nyuma ya kiti, brashi mkononi, Jocelyne mwenye saluni alikuwa akimpaka rangi nyeusi kwenye ndevu.

Kama Jumamosi iliyopita gazeti lilikupita, shika haya kisha twende. Fauzia, mtoto wa Tanga, anapika achari katika ghorofa za Joubert Park, Johannesburg. Achari hiyo inaitwa Mkono wa Fauzia, na sifa zake zimefika mbali mpaka duka moja kubwa la Randburg limekubali kuiweka rafuni, ila kwa sharti: jina lisajiliwe kwanza, lisije likadaiwa na mwingine. Luqman alisema, "Niachie mimi, mke wangu." Akaachiwa. Asubuhi hii Fauzia ametia mkono katika koti lake na kuikuta fomu ya kusajili alama ya biashara, pembeni yake imeandikwa miadi ya leo kwa wakili. Mahali pa kuandika mwenye alama pameandikwa jina la mwanamke. Na mwanamke huyo si Fauzia. Ni Jocelyne.

"Kumbe!" Fauzia alisema. "Kumbe siku hizi embe za Yeoville zinachumwa saluni!"

"Fauzia, mke wangu, tulia kwanza."

"Nitulie? Hizo ndevu niliolewa nazo, na mvi zake nimeziona zikiota moja moja. Nani amekulalamikia?"

Kidole kimoja cha Jocelyne kilikuwa bado chini ya kidevu cha Luqman. Kimoja tu. Fauzia alikiona kama kumi.

"Mama Fauzia," Jocelyne alisema kwa utulivu wa watu wa Bukavu, "bonjour kwanza. Kwetu mtu anasalimia mbele ya kutukana."

"Na kwetu mtu anaomba kabla ya kuchukua! Haya, nisomee hapa, bibi wee. Mwenye alama: Jocelyne Kabedi. Embe nakata mie. Pilipili nasaga mie, macho yananitoka machozi mie. Naianika kwenye kibaraza cha ghorofa ya tisa, njiwa wakija nawafukuza mie. Wewe umekata nini? Nywele!"

Chini ya draya mtu alicheka, akajifanya amekohoa.

Luqman alitaka kusimama. Jocelyne akamrudisha kwa bega. "Kaa. Nusu imepakwa, nusu bado. Ukitoka hivyo watu watakimbia."

Kweli, upande wa kulia ndevu zilikuwa nyeusi kama lami. Upande wa kushoto zilikuwa nyeupe kama chaki.

"Ni jina la kuazima tu," Luqman alisema, macho yake kwenye kioo. "Kibali changu kimekwisha, chako kimekwisha. Jocelyne ana kitambulisho cha hapa. Tunaweka jina lake, mambo yanakwenda. Si unajua mji huu?"

Fauzia aliujua. Nani kati ya wageni wa Johannesburg asiyeujua? Nyumba waliyopanga ilikuwa kwa jina la Alexis, mtu ambaye Fauzia hajapata kuona hata kivuli chake. Umeme ulikuwa kwa jina la mlinzi mmoja aliyekwisha kurudi kwao Kalemie. Hata laini ya simu iliyokuwa mkobani mwake, mwenyewe alikuwa mwingine. Karatasi zako zikichakaa unatafuta mwenye karatasi nzima, unaazima jina lake kama unavyoazima sufuria kwa jirani siku ya shughuli.

Kwa hiyo neno hilo alilielewa kabla halijaisha. Hasira ikashuka ngazi moja.

Wivu haukushuka.

"Wenye vitambulisho wamejaa mji mzima," alisema polepole. "Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu..."

"Kwa sababu ananukia?"

Jocelyne aliweka brashi chini. "Eh, Mungu wangu. Mama Fauzia, sikia. Huyu bwana yako, hata ukimufunga ndani ya karatasi ya zawadi, na ruban juu, ukamuleta hapa siku ya Noeli, mimi ninamurudisha kwako na chenji."

Saluni nzima iliangua kicheko. Hata yule wa kukohoa safari hii hakujificha.

Fauzia alipoa. Kisha, papo hapo, akaudhika upya. Luqman ana kasoro gani mpaka akataliwe mbele za watu? Ndivyo ulivyo wivu, msomaji: ukinyimwa adui, unamtafuta.

Lakini Jocelyne hakuwa amemaliza.

"Bon. Sasa na mimi nitoe yangu. Mimi nilimuambia: Papa Luqman, jina la bibi yako liko juu ya chupa, andika bibi yako. Nilimuambia mara mbili, hapa hapa, kwa kiti hiki. Muulize alinijibu nini."

Maji yalisikika yakidondoka kwenye beseni.

"Alikujibu nini?" Fauzia aliuliza.

"Rangi inaniwasha," Luqman alisema. "Nioshwe kwanza."

"Rangi itakungoja," Jocelyne alisema. "Sema, baba. Ama niseme?"

Luqman akafumba macho.

"Alisema hivi," Jocelyne aliendelea, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mke akiisha kuwa na jina kwa serikali, bwana ataitwa nani?"

Fauzia hakupiga kelele. Aliyaangalia macho ya mumewe kwenye kioo mpaka yakafumbuka.

"Umesema hivyo?"

"Nimesema!" Luqman aliruka, taulo likaanguka. "Nimesema, na nitarudia! Mimi nilikuwa nani mtaa huu, Fauzia? Luqman fundi wa mafriji. Watu walikuwa wanapanga foleni. Leo nikienda msikitini naitwaje? 'Mume wa achari huyo anapita.' Mume wa achari! Mbele ya Shehe Pandu! Mtu mzima mimi, nimekuwa kifuniko cha chupa?"

"Kwa hiyo heri jina langu apewe mwanamke mwingine?"

"Jina la Jocelyne halinipunguzi kitu. Lako linanipunguza."

Neno likatoka, likakaa katikati ya saluni, hakuna wa kuliondoa.

Tangu asubuhi Fauzia alikuwa ameunguzwa na wivu, akidhani ni wake. Sasa aliuona moto ulikoanzia. Ulikuwa umelala kitandani mwake, upande wa pili, siku zote hizo, ukiwasikiliza wateja wanavyomsifu. Na kama ilivyo kwa watu wa Tanga wanapochomwa, maneno yakajipanga yenyewe kichwani mwake:

*Wivu ni moto wa pumba, huunguza bila ndimi,*
*Umeila yangu nyumba, sasa wanitaka mimi.*

Aliikunja fomu mara mbili, akaitia mkobani.

"Miadi ya wakili ni saa ngapi?"

"Saa nane," Jocelyne alisema. "Randburg."

"Gari lako lina mafuta?"

"Linayo."

"Twende. Mimi na wewe."

"Fauzia!" Luqman alifoka. "Huendi popote bila ruhusa yangu!"

"Osha ndevu, baba," Fauzia alimjibu. "Unaongea kama watu wawili."

*

Gari la Jocelyne lilikuwa dogo, na kimya kilichokuwamo kilikuwa kikubwa.

Kwenye robot ya kwanza, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, Fauzia alitazama nje. Kwenye ya pili Fauzia alishindwa kujizuia.

"Kwa nini anakuambia wewe mambo ambayo mimi haniambii?"

"Mtu akikaa kwa kiti kile anasema, Mama. Kichwa kikishikwa, mdomo unafunguka. Hata wewe ukikaa, utasema."

"Mie sikai."

"Sharp, sawa. Usikae."

Fauzia alimtazama kwa pembeni. Kucha zimepakwa, shingo ndefu, wigi limelala kama nywele za kuzaliwa nazo. Akajitazama mwenyewe: vidole vya manjano kwa bizari, harufu ya siki isiyotoka hata kwa sabuni. Luqman angesema nini akiwaona wamekaa pamoja hivi? Aliifukuza fikra hiyo kama njiwa. Ikarudi kama njiwa.

"Nikuulize," alisema. "Kama nisingeiona hii fomu. Kama ingepita kwa jina lako. Siku moja nikaja nikakuambia, Jocelyne, nirudishie jina langu. Ungenirudishia?"

Taa iligeuka kijani. Jocelyne hakuondoa gari mpaka walipopigiwa honi.

"Mwaka wa kwanza, ndiyo."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu usiniulize, Mama."

Mwanamke huyu hakuwa mwizi. Alikuwa mkweli, na hilo lilitisha zaidi.

"Saluni ile ina jina gani mlangoni?" Jocelyne aliuliza ghafula. "Soma siku moja. Ni jina la mama aliyekuwa hapo zamani. Miaka saba ninasuka watu chini ya jina lake. Wateja wakiisha kupendeza, wanamusifu yeye. Kila siku ninaona chupa zako kwa spaza, hivi viduka vya mtaa: Mkono wa Fauzia, Mkono wa Fauzia. Unazani haikuniuma? Iliniuma sana. Bwana yako alipoleta karatasi, nilimuambia aandike wewe, ni kweli. Lakini alipokataa..." Akabadilisha gia. "Alipokataa, nilifurahi kidogo."

Akaongeza mwendo mpaka Randburg.

*

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Wakili mwenyewe alikuwa mahakamani. Waliyemkuta ni karani wake, dada mmoja mwenye miwani, aliyewasikia wakinong'ona mlangoni akacheka.

"Mnasema Swahili? Karibuni! Mimi ni Arlène, wa Lubumbashi. Nani kati yenu ni Jocelyne?"

"Mimi," Jocelyne alisema. "Lakini mimi si mwenye achari. Mwenyewe ni huyu."

Arlène aliwaangalia, akaiangalia fomu, akavua miwani.

"Basi kwa nini iko jina lako?"

Fauzia akaeleza. Kibali kilichokwisha, kitambulisho cha Jocelyne, jina la kuazima. Alieleza huku ameinamisha uso, maana maneno yaliyosikika sawa kule Joubert Park, hapa yalisikika kama kosa.

"Mama, pasipoti yako iko hai?"

"Iko hai. Inalala mkobani siku zote."

"Inatosha kwa kazi hii. Mgeni anaweza kusajili alama yake, hata aliye nje ya nchi. Barua zitakuja kwa anwani ya ofisi yetu. Kibali ni habari ya ofisi nyingine. Hapa tunauliza kitu kimoja: hii alama ni ya nani?"

Fauzia akakaa chini bila kuambiwa.

Kwa hiyo hakukuwa na haja! Tumezoea mno kuazima hata hatuulizi tena. Mtu amezoea kupita mlango wa nyuma mpaka siku mlango wa mbele ukiwa wazi anaupita akiinama.

"Na nikiacha?" aliuliza. "Nikirudi nyumbani tu, niendelee kuuza kama zamani, bila karatasi?"

"Hiyo pia ni njia," Arlène alisema. "Hakuna wa kukulazimisha. Lakini duka halitaweka chupa. Na siku mtu mwingine akileta jina hilo hapa, utakuwa wewe wa kwenda kuhangaika kuonyesha ulianza. Huyo mtu anaweza kuwa yeyote."

Fauzia hakumtazama Jocelyne. Jocelyne naye hakumtazama Fauzia. Wote wawili walilitazama zulia.

Alimfikiria Luqman. Si Luqman wa leo. Luqman aliyembebea embe za kwanza begani, akapanda nazo ngazi za ghorofa tisa siku lifti ilipokufa. Luqman aliyekuwa wa kwanza kuonja na kusema, "Hii itatutoa." Mume wa achari. Ni neno dogo, lakini mtu anayelisikia kila Ijumaa huliona kubwa. Angeweza kumwachia hilo? Angeweza kurudi nyumbani, akasema, basi, lisiandikwe la mtu yeyote, tubaki tulivyo?

Angeweza. Na kesho Luqman angekuwa mtu mwema, na keshokutwa. Halafu mteja mmoja angesema, "Mashallah, mkono huu!" na moto wa pumba ungeanza upya.

"Lete fomu mpya," alisema.

Arlène akaandika, Fauzia akamtajia: jina lake, la baba yake, la babu yake. Karatasi ikageuzwa upande wake. Kalamu ikawekwa juu.

Alitia sahihi. Haikuwa nzuri, herufi ya mwisho iliteleza, lakini ilikuwa yake.

Alipoweka kalamu chini tu, simu ikalia mkobani.

Luqman.

Fauzia aliiweka mezani na kuifungulia sauti wote wasikie, asije baadaye akaambiwa amesikia vibaya. "Nakusikia."

"Uko wapi?"

"Unajua nilipo."

"Niko na Shehe Pandu hapa. Anasikia kila neno. Shehe, sema."

"Assalaam alaikum, binti yangu," sauti nzito ya mzee ikaingia. "Nipo. Mumeo amekuja mbio, nusu ya uso wake mweusi, nusu mweupe. Nimemwambia aoshe kwanza, hataki."

"Alaikumu salaam, Shehe."

"Fauzia!" Luqman akamnyang'anya simu mzee. "Talaka mbili unazo tayari. Moja ya Tanga, moja ya mwaka juzi, na mara zote mbili nilikurudia. Leo nasema mbele ya shahidi: ukitia sahihi yako kwenye karatasi hiyo, hiyo ndiyo talaka ya tatu!"

Jocelyne alijifunika mdomo. Arlène, Mkristo, hakuhitaji kufasiriwa. Uso wa Fauzia ulitosha. Baada ya ya tatu hakuna mumeo kukurudia hivi hivi tu. Baada ya ya tatu, kila mtu na njia yake.

Fauzia aliitazama fomu. Akaigusa sahihi kwa kidole. Wino ulikuwa umekauka.

"Shehe Pandu," aliita. "Nikuulize jambo?"

"Uliza, binti yangu."

"Nimekwisha tia sahihi. Simu ilipolia, kalamu ilikuwa imeshawekwa chini. Wapo mashahidi wawili hapa. Nimeachika?"

Kule upande wa pili pikipiki ilipita, ikapotea.

"Mtu hafungi mlango mgeni akiwa ameshaingia," Shehe Pandu alisema mwishowe. "Sharti ni la lijalo. Lililokwisha tendeka, kiapo hakilifikii. Hujaachika."

Ilisikika pumzi ya Luqman, ndefu, ikimtoka kifuani. Fauzia aliijua. Amelala nayo miaka mingi. Haikuwa pumzi ya mtu aliyeshindwa. Ilikuwa ya mtu aliyechungulia shimo alilolichimba mwenyewe, akavutwa nyuma kwa shati.

"Luqman," alisema taratibu. "Rudi nyumbani. Osha ndevu. Nikija tutazungumza."

"Fauzia, mimi..."

Hakumaliza. Arlène alikuwa amenyanyua mkono, kama mtoto darasani anayejua jibu lisilopendwa na mtu.

"Pardon, Mama Fauzia. Samahani sana." Aligeuza fomu. Nyuma palikuwa na mstari mwingine, mtupu, na alama ya msalaba ya penseli pembeni. "Bado hapa. Kunahitajika sahihi yako ya pili. Bila hii, ile ya kwanza haina kazi."

Simu ilikuwa bado wazi mezani.

"Amesema nini?" sauti ya Luqman ikauliza. "Shehe, amesema nini huyo?"

"Amesema bado moja," Shehe Pandu akajibu.

"Basi lifute neno lako, Papa Luqman!" Jocelyne alipiga kelele kuelekea simuni. "Lifute sasa hivi!"

"Halifutiki," mzee alisema kwa huzuni. "Amelifunga mbele yangu. Mimi nimelisikia, na Mungu amelisikia. Binti yangu, sasa liko mkononi mwako."

"Fauzia," Luqman akaita, na safari hii hakufoka. Aliita kama alivyokuwa akiita Tanga, dirishani, kabla hawajaoana. "Fauzia, usitie."

Kalamu ilikuwa imebingirika mpaka ukingoni mwa meza. Fauzia aliidaka isianguke.

Akaing'oa kifuniko kwa meno.